Maelezo ya Lazima

Alasiri ile ilikataa kwisha. Mwatime aliingia katika chumba cha mkutano jua likiwa juu kidogo ya paa la Ghala, wakanywa chai, wakabishana, wakanyamaza, wakabishana tena, na kila alipoinua macho jua lilikuwa palepale, kama mtu aliyeambiwa asubiri majibu. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Bwana Shaweji, mwenyekiti, aliendelea kukoroga kikombe chake. Mzee Vuai aliendelea kujikuna goti. Labda ni mimi tu ninayeona, akawaza Mwatime, na wazo hilo likamtisha kuliko jua lenyewe.

Walikuwa watatu, na kazi waliyoitiwa ilikuwa rahisi kuieleza. Katika mji ule kila kitu kilikwenda kwa moduli. Moduli ni kipande cha programu: mtu hukaa akaandika maagizo, na mashine ikayafuata. Moduli moja ilifungua maji, nyingine iliwasha taa, nyingine ilipima joto la wagonjwa, nyingine iliamua mlango umfungulie nani na umfungie nani. Zamani mtunzi alimpelekea jirani moduli yake mkononi, akaketi, akamweleza kwa mdomo inafanya nini na inataka nini. Halafu Ghala likajengwa. Sasa moduli zote hupelekwa Ghalani, hufungashwa, husambazwa mji hadi mji. Mtunzi hasafiri na kifurushi chake. Kwa hiyo kifurushi lazima kibandikwe lebo ya kukisemea. Lebo iseme nini? Maelezo yapi yawe ya lazima, yapi yaachwe? Hayo ndiyo yaliyowakalisha chumbani.

Mwatime aliandika moduli ya maji alipokuwa msichana, na kama ilivyokuwa desturi ya watunzi, ikaitwa kwa jina lake. Mzee Vuai aliandika ya taa. Bwana Shaweji hakuwa ameandika kitu. Yeye alitoka Ghalani.

"Lebo ina mistari mitatu," alisema Bwana Shaweji kwa sauti yake laini, sauti ya mtu asiyewahi kuhitaji kupaza. "Wafungashaji hawasomi zaidi ya hapo. Basi tuchague mitatu. Wa kwanza, nadhani hauna ubishi. Jina. Kila moduli iwe na jina, na wawili wasiwe na jina moja. Akitokea wa pili, aliyetangulia ndiye mwenye jina."

"Hilo la akili," alisema Mzee Vuai. "Ukiagiza taa ya Vuai uletewe taa ya Vuai, si ya Vuai mwingine wa kule bondeni."

Wakainua mikono. Mwatime naye aliinua wake, upesi, kwa kuwa aliliona jambo dogo na alitaka wafike kwenye mengine. Kitu kikapita chumbani. Si upepo, kwani madirisha yalikuwa yamefungwa. Kilipita tu, kama karatasi inapovutwa kutoka chini ya karatasi nyingine.

Bwana Shaweji akawapa mapumziko. Mwatime akashuka kwenda nyumbani, si mbali, nyuma ya ukuta wa Ghala, alikoishi na mtoto wa marehemu kaka yake. Msichana huyo alikuwa mja mzito, siku zake zimekaribia. Mumewe alikuwa amepelekwa kazini mji mwingine, na barua zake zilikuwa zimepungua mpaka zikawa salamu tu. Naye aliitwa Mwatime. Kaka mtu ndiye aliyetaka hivyo, binti yake aitwe kwa jina la shangazi yake, na tangu siku ya kwanza wawili hao hawakuitana kwa jina wala kwa udugu. Waliitana somo. Somo njoo ule. Somo umelala? Jina lilikuwa moja na walilitumia wote wawili kama watu wanavyotumia kisima kimoja, bila kuulizana zamu.

Alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, viatu bado miguuni.

"Somo, mbona umekaa hivyo? Hukwenda kwa mkunga?"

"Nimekwenda."

"Akasemaje?"

"Sikumwona. Mlango uliniuliza mimi nani." Msichana alitazama mikono yake. "Nikafungua mdomo nijibu. Somo, hakukuwa na kitu. Si kwamba nilisahau. Ukisahau, unajua kuna kitu kilichopotea. Mimi nilitafuta, nikakuta pahali pake pamefagiliwa."

"Hebu acha maneno hayo. Wewe ni Mwatime."

Alilitamka, na palepale akajisikia ameitwa yeye. Jina halikufika kwa msichana. Liliondoka mdomoni, likakata kona, likarudi kifuani kwake. Akalitamka tena kwa nguvu zaidi. Likarudi kwa nguvu zaidi, mpaka akashika meza.

"Huyo ni wewe," alisema msichana taratibu. "Mimi najua huyo ni wewe. Mimi ni nani?"

Mwatime aliwahi kuogopa mambo mengi maishani mwake: kuumwa mbali na watu, kuzeeka, kusikia hatua nyuma yake sokoni. Hofu hizo zote zilikuja kutoka nje. Hii ilikuwa tofauti, ilitoka kwenye mkono wake wa kulia, ule alioinua. Akautazama. Ulikuwa mkono wa siku zote, wenye kovu la moto karibu na kidole gumba. Jina ni nini, basi? Sauti tu, waliwahi kumwambia, alama ya kumtofautishia mtu na mwenzake. Lakini kama ni alama tu, mbona msichana huyu amekaa sakafuni kama nyumba iliyohamwa? Na kama ni zaidi ya alama, nani aliwapa watu watatu wanaokunywa chai ruhusa ya kuligawa? Mimi. Mimi niliwapa. Niliinua mkono. Niliona jambo dogo. Jambo dogo, jambo dogo, na mlango wa mkunga umefungwa.

Alirudi mkutanoni mbio, ushungi umemshuka mabegani.

"Bwana Shaweji, ile kanuni ya majina ilihusu moduli."

"Ndiyo."

"Mtoto wa kaka yangu si moduli. Amepoteza jina lake."

Bwana Shaweji aliweka kijiko kando ya kikombe kwa uangalifu. "Bi Mwatime, mlango humtambuaje mtu? Taa hujuaje nani amelala, iuzime mwanga wake? Kwa lebo. Watu nao wamo Ghalani. Wamo siku nyingi. Hatukuona haja ya kuwa na kanuni mbili."

"Hatukuulizwa!"

"Hamkuuliza." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. "Tuendelee. Mstari wa pili: Toleo. Moduli hurekebishwa, na kila ikirekebishwa huwa toleo jipya. Napendekeza Ghala lihifadhi toleo la mwisho tu. Ya zamani yafutwe. Nafasi haitoshi."

Mwatime aligeuka kwa Mzee Vuai. Walikuwa wamefahamiana miaka mingi. Asubuhi ileile, kabla ya kikao, mzee alikuwa amemwonyesha kanzu yake na kumwambia kwamba ile darizi ya shingoni ilishonwa na marehemu mkewe, Mize, na kwamba kila ikifumuka hujishonea mwenyewe polepole ili asivuke pale uzi wa Mize ulipopita.

"Mzee Vuai, usiinue mkono," alisema. "Nakuomba. Umesikia alivyosema. Itatufika sisi."

Mzee aliyatazama mabega ya mwenyekiti, halafu mlango, halafu miguu yake. Alikuwa mtu mwema aliyechoka. "Bi Mwatime, wakitaka watapitisha tu. Mimi nina taa zangu. Wakiziondoa Ghalani nitakula nini?" Kisha, kama anayejituliza: "Na toleo la mwisho ndilo bora. Ndiyo maana likawa la mwisho."

Akainua mkono. Bwana Shaweji akainua wake. Karatasi ile isiyoonekana ikavutwa tena, na safari hii Mwatime akaona ilichochukua: uso wa Mzee Vuai ulilegea kidogo, kama kitambaa kilichotolewa pini. Makunyanzi hayakuondoka. Kilichoondoka ni sababu ya makunyanzi.

"Mzee," alimwambia, "Mize angesemaje?"

"Nani?"

"Mize. Mkeo. Aliyekushonea kanzu."

Mzee Vuai aligusa shingo ya kanzu yake kwa adabu, kama aliyeambiwa ana uchafu. "Mimi nimekuwa hivi siku zote," alisema. Alitabasamu. Tabasamu lile halikuwa na mtu aliyewahi kulia ndani yake, na Mwatime akasogeza kiti chake mbali naye bila kukusudia.

Naye mwenyewe je? Alijipapasa ndani. Alimtafuta yule msichana aliyeandika moduli ya maji, aliyekuwa akikesha, mwenye kiburi, aliyeimba akiandika. Alijua aliwahi kuwapo, kama unavyojua tarehe ya vita. Wimbo hakuupata. Alimtafuta kaka yake akakuta maneno: nilikuwa na kaka. Alitaka kupiga kelele akaona kelele yenyewe itakuwa toleo jipya, itamfuta huyu anayeogopa, na huyu anayeogopa ndiye pekee aliyebaki mwenye akili chumbani humo. Akajikaza akae na hofu yake. Aliishika kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto kwenye umati.

"Mstari wa tatu," alisema Bwana Shaweji.

"Wa tatu ni huu," alisema Mwatime kabla mwenyekiti hajaendelea. "Inategemea. Kila moduli iseme inategemea nini. Hakuna moduli inayosimama peke yake. Ya taa inasubiri ya saa, ya saa inasubiri ya umeme, ya umeme inapozwa na maji. Ukifungasha kitu bila kusema hakiwezi kuishi bila nini, umefungasha maiti. Kitafika kule, watakifungua, hakitafanya kazi, na hakuna atakayejua kwa nini. Jina linasema kitu kiitweje tu. Huu unasema kinapumuaje."

Alikuwa hajapata kusema maneno mengi hivyo mbele ya Bwana Shaweji. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri. Lakini mstari huo hauna mwisho, Bi Mwatime. Kitu kinategemea kitu kinachotegemea kitu. Ukianza kuandika hutoki. Na tena, watu wataona."

"Wataona nini?"

Kwa mara ya kwanza alisita. Aliangalia dirishani, kwenye paa pana la Ghala lililokaa juani bila kivuli. "Watauliza Ghala lenyewe linategemea nini," alisema. "Mambo kama hayo hayaandikwi. Mstari wa tatu ni Mmiliki. Kila kitu kiwe na mwenyewe. Kisicho na mwenyewe ni cha Ghala. Wanaokubali?"

Mzee Vuai aliinua mkono huku akitazama kikombe chake. Mikono miwili ikatosha.

Zamu hii Mwatime hakusikia karatasi. Alisikia kimya. Ulikuwa ukimya wa vitu vingi vinavyoachana kwa wakati mmoja, kila kimoja kikirudi ndani ya ngozi yake. Chai ikawa kwenye kikombe bila kuhusiana na kikombe. Akatazama kiti alichokalia na hakuelewa kwa nini kinamkubali.

Kisha sauti ikatoka barabarani, chini ya dirisha.

"Somo! Somo, toka!"

Alishuka ngazi akishika ukuta. Mlango mkubwa wa jengo ulimtambua, ukamfungulia, ukamwacha msichana nje kama alivyokuwa. Alikuwa amesimama juani, mikono yote miwili tumboni, hana kilio wala machozi.

"Hachezi," alisema.

"Tangu lini?"

"Sasa hivi. Alikuwa anacheza, akaacha. Weka mkono."

Mwatime akaweka. Ngozi ilikuwa ya moto, imekaza. Chini yake hakuna kilichosogea.

"Hajafa," alisema msichana. "Namsikia yupo. Lakini hanijui, somo. Yumo humu kama abiria kwenye benchi. Anangoja tu, hajui anamngoja nani. Na mimi..." Aliukandamiza mkono wa Mwatime tumboni. "Mimi nikimfikiria sioni kwa nini awe ndani yangu na si ndani ya mtu mwingine. Niambie neno. Niambie chochote."

Hapo ndipo hofu ya Mwatime ilipobadilika umbo. Ilikuwa imemkaa tumboni tangu mchana, nzito, isiyo na kazi. Sasa ilipanda ikafika mikononi. Alijua jambo moja ambalo Ghala halikulitaka liandikwe. Yeye ndiye aliyeandika moduli ya maji, na mtunzi ana uwezo wa kuiondoa moduli yake. Uwezo huo uliwekwa zamani, enzi za kupelekeana mkononi, na hakuna aliyekumbuka kuufuta.

"Kaa hapa kwenye kivuli cha ukuta," alisema. "Lolote litakalotokea, kaa."

Akapanda. Kwenye chumba cha mkutano kulikuwa na mashine ya kikao, ile iliyokuwa ikiandika maamuzi yao. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya kioo chake. Mashine ikamtambua: Mwatime, mtunzi. Akatafuta moduli ya Mwatime. Akaagiza iondolewe.

Mashine ilimwuliza ana hakika?

Hakuwa na hakika. Alikuwa anatetemeka hata meno yakagongana. Katika nyumba zote zile kulikuwa na watu, na watu wale walikuwa wanaoga, wanapika, wanamnywesha mgonjwa. Kati yao, chini ya dirisha hili, kulikuwa na mmoja mwenye mimba. Nani nimekuwa, aliwaza, mtu mmoja kushika koo la mji? Ndiyo, akaijibu mashine.

Kwanza mfereji wa chumba cha pembeni, uliokuwa ukidondoka, uliacha kudondoka. Halafu feni. Halafu saa ya ukutani ikasimama katikati ya hatua. Nje moshi wa mkate ukakatika juu ya bomba la tanuri. Na kutoka Ghalani, kutoka chini kabisa ya jengo lile pana, ule mngurumo ambao watu wa mji walizaliwa wakiusikia na hawakuwahi kuuona kuwa sauti, ukaanza kushuka, ukashuka, ukawa pumzi, ukaisha.

Bwana Shaweji alisimama. Midomo yake ilikuwa imeshakauka, nyeupe kama imepakwa chokaa. "Umefanya nini?"

"Mitambo ya Ghala inapozwa na maji," alisema Mwatime. "Ungekuwa umeandika ingesomeka."

"Rudisha."

"Andika mstari wangu."

"Itaungua yote! Kila lebo iliyomo, kila mtu! Unajua wangapi?"

"Sijui. Nawe hujui. Andika."

Mzee Vuai alikuwa ameketi akitazama taa zake zikififia darini, bila kushangaa, kama mtu anayetazama taa za mwingine. Bwana Shaweji alizunguka meza. Alimkaribia, na Mwatime akaona kwamba naye anaogopa, na kwamba hofu yake ilikuwa ya ugeni, hajui aiweke wapi. Alimhurumia nusu sekunde. Kisha kutoka chini ikaja sauti ya msichana, si kelele tena, sauti kavu ya mtu mwenye mchanga mdomoni:

"Somo. Nakauka."

Kiganja cha Mwatime kiliruka kuelekea kwenye kioo. Aligusa ubaridi wake. Ilibaki kubonyeza tu. Angebonyeza, maji yangerudi, na yule mtoto angezaliwa bila kuwa wa mtu. Asipobonyeza. Asipobonyeza. Hakulimaliza wazo hilo. Alifumba macho, na akiwa amefumba alisema kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Andika, baba. Andika, utuue baadaye."

"Lebo ni mistari mitatu!" alisema Bwana Shaweji. "Wako ukiingia, mmoja utoke. Mmiliki hautoki, hilo silimudu hata nikifa. Chagua wewe. Jina au Toleo."

Kama ungetoka mstari wa Jina, msichana wake angerudishiwa lake sasa hivi. Mwatime alimtazama Mzee Vuai, shingo ya kanzu yake, uzi wa mkono wa mtu asiyemkumbuka. Akafikiri pia, kwa ule upande wa akili ulioandika moduli ya maji na ambao hata hofu haikuuzima, kwamba lebo isiyo na jina si lebo. Kitu kisichoitwa hakiwezi hata kutajwa kwamba kinategemewa. Jina lisingeweza kutoka. Alijua hivyo na alilichukia.

"Futa Toleo," alisema.

Bwana Shaweji akafuta. Akaandika: Inategemea. Mwatime akabonyeza.

Maji yalirudi kwa kikohozi kwenye mabomba. Mngurumo wa Ghala ukapanda kutoka chini. Mzee Vuai alitoa sauti kama aliyechomwa sindano, akashika shingo ya kanzu yake kwa ngumi mbili, akainamisha kichwa mezani. "Mize," alisema. "Mize, mke wangu. Lahaula, nilikuwa wapi?" Alilia kwa nguvu, bila kujificha, na kilio kile kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote Mwatime alivyosikia siku ile.

Bwana Shaweji alikunywa chai yote iliyobaki. Alipoweka kikombe alikuwa amerudia ulaini wake.

"Basi," alisema. "Tuijaze lebo ya kwanza sasa hivi. Ya maji. Inategemea: chanzo cha mlimani, sawa. Mmiliki." Alimsogezea mashine. "Mmiliki ni Ghala, Bi Mwatime. Hatuwezi kuishi chini ya kiganja chako. Hata wewe hulitaki hilo. Nimekuona ulivyotetemeka."

Alisema kweli. Hilo ndilo lililotisha kuliko yote, kwamba alisema kweli. Hakutaka mtu yeyote awe na kiganja kile, wala yeye. Aliinama akaandika kwenye mstari wa Mmiliki: yeyote mwenye kiu.

Bwana Shaweji akasoma. Akasoma tena. "Huyu si mtu."

"Kanuni imesema kila kitu kiwe na mwenyewe. Haikusema awe mmoja."

"Ukiandika hivi hutaweza kuiondoa tena. Si yako. Si ya mtu." Alizungumza polepole, karibu kwa upole. "Kesho nitaitisha kikao kingine, Bi Mwatime. Utakuja na nini mkononi?"

"Sitakuwa na kitu."

"Nawe umeridhika?"

"Sijaridhika. Naogopa mpaka sioni vizuri." Akathibitisha mstari ule. "Bado kuna Jina. Moduli iitwe Maji. Na lile jina la Mwatime, aliyesajiliwa nalo kwanza ni mimi. Nifute."

"Lirudi kwa nani?"

"Yupo aliye wa pili."

Mzee Vuai aliinua uso uliolowa. "Dada yangu, usifanye hivyo," alisema. "Hutapita popote. Hata chumba hiki hakitakujua."

Mwatime aliweka kiganja kiooni kwa mara ya mwisho. Mashine ilimwuliza ana hakika? Alibonyeza. Jina lilitoka taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye nguo iliyotundikwa, na kilichobaki juu ya miguu yake kilikuwa mwanamke wa makamo mwenye kovu la moto karibu na kidole gumba, aliyejua mengi, asiye na pa kuyatundika. Alimtazama Bwana Shaweji. Bwana Shaweji alikuwa tayari anaangalia pembeni yake kidogo, mahali asipokuwapo, akikusanya vikombe.

Alishuka ngazi. Kila ngazi ilikuwa ya kubahatisha. Alijua anakwenda kwa mtu, na kwamba mtu huyo ana mimba, na kwamba walikuwa wakiitana kwa neno lililohitaji jina moja la watu wawili, na jina lile sasa lilikuwa la mtu mmoja. Alifika kwenye mlango mkubwa. Mlango ukamwuliza yeye nani. Akafungua mdomo. Pahali pake pamefagiliwa. Ukamwuliza tena. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na hapo akaelewa kwamba angeweza kubaki ndani ya jengo lile mpaka mifupa yake iwe vumbi na hakuna kitakachoandikwa kwamba aliwahi kuwamo.

Mlango ukafunguka. Ulifunguka kutoka nje. Msichana alisimama pale, midomo imepasuka, mkono mmoja tumboni, na tumbo likasukumwa kutoka ndani, wazi kabisa, chini ya nguo.

"Anacheza," alisema. "Na mlango umenijua. Umeniita Mwatime." Alilitamka kama anayeonja kitu cha moto. Kisha akamwona aliyesimama ukutani.

Walitazamana. Mwanamke yule hakuthubutu kusogea. Aliona macho ya msichana yakimpitia usoni, kwenye ushungi, mikononi, yakitafuta pa kushika, na hakuweza kumsaidia, kwa kuwa neno lao hakuwa nalo. Mlango ukaanza kujifunga. Ulikuwa mzito, na haukuwa na sababu ya kumngoja mtu ambaye haumwoni.

Mwatime aliweka mguu kizingitini. Mlango ukampiga, ukarudi, ukampiga tena. Alikunja uso kwa maumivu na hakuuondoa mguu. Akanyoosha mkono ndani, akamkamata yule mwanamke juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama mtu anavyomkamata anayeanguka.

"Shangazi," alisema, "mbona unatetemeka? Pita."